Kifafa Kinachofuata Kalenda ya Mwili



Nianze na kadi ya kliniki. Mgonjwa wa kifafa anapokwenda kuchukua dawa zake za mwezi huulizwa swali moja: umeanguka mara ngapi tangu ulipokuja mara ya mwisho? Anajibu, mara tatu. Muuguzi anaandika tatu, dawa zinatolewa, foleni inasogea. Hakuna aliyeuliza ilikuwa tarehe ngapi. Na kama mgonjwa ni mwanamke, hakuna aliyeuliza hedhi yake ilianza lini. Ninayotaka kuyasema leo yote yamo ndani ya pengo hilo. Kwa wanawake wengi wenye kifafa, mashambulizi hayaji ovyo. Yanakwenda na mzunguko wa homoni za uzazi, na mtu akizihesabu siku kwa uaminifu anaweza kuuona mwendo huo kwa daftari na kalamu, bila mashine yoyote. Wenyewe mara nyingi wanaujua. Wanaujua na wananyamaza, kwa sababu mambo ya hedhi hayasemwi mbele ya tabibu mwanamume, na kifafa nacho hakisemwi mbele ya mtu yeyote. Jambo la kitabibu linalotibika limefunikwa kwa aibu mbili kwa mpigo.

Tuelewane kwanza shambulio la kifafa ni nini. Ubongo unafanya kazi kwa umeme mdogo unaopita kutoka seli moja ya neva hadi nyingine. Mtu akiwa mzima, seli hizo huzungumza kama wazee barazani: huyu anasema, yule anasikiliza, mwingine anaitikia. Shambulio ni pale kundi zima linapopaza sauti kwa wakati mmoja na kwa mdundo mmoja, hata hakuna anayesikika. Kundi likiwa dogo, mtu anaweza kukodoa macho tu, akatafunatafuna midomo, akashikashika nguo yake, kisha baada ya dakika moja au mbili akarejea bila kujua lililompata. Ghasia zikienea ubongo mzima, ndipo anapoanguka, mwili ukakakamaa, ukatikisika, povu likatoka. Ziko kemikali mbili kubwa zinazosimamia mazungumzo hayo. Glutamati huamsha seli. GABA huzinyamazisha. Fenobabitoni, dawa inayojulikana katika zahanati zetu kuliko nyingine yoyote ya kifafa, inafanya kazi kwa kuiongezea GABA nguvu. Likumbukeni jina hilo la GABA, maana tutalirudia.

Kwamba kifafa cha baadhi ya wanawake kinafuata hedhi si habari mpya hata kidogo. Mwezi Mei mwaka 1857, katika kikao cha chama cha madaktari na wapasuaji jijini London, Edward Sieveking alisoma makala kuhusu kifafa. Aliyekalia kiti cha mwenyekiti alikuwa Charles Locock, daktari aliyemzalisha Malkia Victoria. Locock alisimama akaeleza kwamba amekutana na wanawake wanaopatwa na mashambulizi nyakati za hedhi tu, akawapa dawa ya chumvi iitwayo bromidi ya potasiamu. Kati ya wagonjwa 14 au 15 aliowatibu hivyo, alisema, mmoja tu ndiye ambaye dawa haikumsaidia.

Kisa hiki kinanigusa sana, kwa sababu ndani yake mna jicho kali na akili iliyopotoshwa na zama zake. Jicho la Locock lilikuwa sahihi: mashambulizi yalikuwa yanafuata hedhi kweli. Lakini alipotafuta sababu, alikwenda kwenye mawazo ya wanaume wa wakati wake, kwamba maradhi yale yalitokana na ashiki za kike zilizozidi. Alikuwa amesoma habari kutoka Ujerumani kwamba bromidi humpunguzia mwanamume nguvu za kiume, naye akapiga hesabu kwamba itawapunguzia wanawake matamanio, na kifafa kitaondoka pamoja nayo. Dawa ikafanya kazi. Haikufanya kazi kwa sababu aliyoidhani. Bromidi hutuliza ubongo wa mtu yeyote, mwanamke au mwanamume, na kwa miaka 50 na zaidi iliyofuata ndiyo iliyokuwa dawa kuu ya kifafa duniani, hadi Mjerumani Alfred Hauptmann alipoonyesha uwezo wa fenobabitoni mwaka 1912. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya kweli ya kifafa ilizaliwa kwa kuwatazama wanawake na siku zao. Kisha wanawake wenyewe wakasahauliwa. William Gowers, bingwa mkubwa wa magonjwa ya neva wa Uingereza, aliandika mwaka 1881 kwamba kati ya wanawake 82 aliowachunguza, 46 walizidiwa karibu na hedhi. Baada ya hapo, kwa miongo mingi, suala hili lilibaki kama neno la pembeni vitabuni. Mwaka 1956 John Laidlaw alipitia kumbukumbu za miaka mingi za wanawake 50 waliolazwa katika taasisi ya kifafa, akaona kwamba mashambulizi yalipungua katika nusu ya pili ya mzunguko na kupanda siku zinazoizunguka hedhi. Alishuku kwamba projesteroni ndiyo iliyokuwa ikiwakinga, na kuondoka kwake ndiko kulikokuwa kukiwaangusha. Alikuwa karibu sana na ukweli.

Sasa tuingie mwilini. Hesabu ya mzunguko huanza siku ya kwanza ya damu. Hiyo ndiyo siku ya 1. Katika nusu ya kwanza, estrojeni inayotoka kwenye ovari hupanda polepole, ikafikia kilele chake kabla tu ya yai kupevuka, kama siku ya 14 kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28. Yai likishatoka, kifuko kilichokuwa kimelibeba hugeuka kuwa kiwanda cha projesteroni, na homoni hiyo hutawala nusu ya pili. Mimba isipotunga, kiwanda hufungwa. Projesteroni na estrojeni zote huporomoka ndani ya siku chache, na damu hutoka. Homoni hizi zimeundwa kutokana na kolesteroli, nazo hupenya hadi ndani ya ubongo bila kizuizi. Yanayotokea kwenye mji wa mimba na yanayotokea kichwani ni matukio ya wakati mmoja.

Estrojeni, kwa ujumla, huchangamsha ubongo. Mwaka 1959 kikundi cha watafiti nchini Marekani kikiongozwa na Logothetis kiliwachoma wanawake 16 wenye kifafa sindano ya estrojeni kwenye mshipa, huku mashine ikisoma umeme wa ubongo. Kwa wanawake 11 alama za kifafa ziliongezeka, na wanne walipatwa na mashambulizi. Leo jaribio kama hilo lisingepita mbele ya kamati yoyote ya maadili, na ni haki lisipite. Lakini matokeo yake yamebaki. Miongo mitatu baadaye, mwaka 1990, Catherine Woolley na Bruce McEwen wa New York walitazama kwa darubini sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi katika panya majike. Sehemu hiyo ina kazi kubwa katika kumbukumbu, na ni moja ya chimbuko kuu la kifafa cha watu wazima. Seli zake zina vijitawi vilivyojaa vichomozo vidogo, na juu ya vichomozo hivyo ndiko zinakopokelea ujumbe wa kuamsha. Waliona idadi ya vichomozo ikipanda na kushuka kufuata mzunguko wa uzazi wa panya, ambao ni wa siku nne au tano tu. Estrojeni ikiwa juu, vichomozo vinachipua. Ikishuka na projesteroni ikipanda, karibu thuluthi moja inatoweka ndani ya saa 24. Hebu fikirini maana yake. Kabla ya hapo tulifundishwa kwamba ubongo wa mtu mzima umeshajengwa na kumalizika. Kumbe ndani ya viumbe majike ulikuwa ukijengwa na kubomolewa kila mzunguko.

Upande wa pili ni projesteroni, nayo ndiyo inayonivutia zaidi. Mapema miaka ya 1940, Hans Selye, yule mtafiti wa Montreal aliyekuja kujulikana kwa kazi yake juu ya msongo wa mawazo, aliwapa panya projesteroni nyingi akashangaa kuwaona wamelala fofofo kama waliopewa dawa ya ganzi. Akaona pia kwamba homoni hiyo inawakinga na degedege linaloletwa na sumu. Kwa miaka zaidi ya 40 hakuna aliyejua kwa nini. Jibu lilipatikana mwaka 1986, pale Dorota Majewska na wenzake walipoonyesha kwamba si projesteroni yenyewe inayofanya kazi hiyo bali mazao yake. Ubongo huigeuza projesteroni kuwa kitu kingine kiitwacho alopregnanoloni, na alopregnanoloni hushika kwenye kipokezi cha GABA na kukiongezea nguvu, kwa namna inayofanana sana na fenobabitoni. Naomba nilirudie hilo kwa wale wanaokunywa fenobabitoni kila usiku: mwili wa mwanamke hutengeneza, kwa nusu ya kila mwezi, kitulizo chake chenyewe cha jamii ileile.

Na hapo ndipo shida inapoanza. Mtu yeyote anayetumia fenobabitoni anaonywa asiiache ghafla, kwa kuwa ubongo uliozoea kutulizwa, ukinyang'anywa kitulizo kwa mara moja, hulipuka. Hedhi inapokaribia, mwili unafanya jambo lilelile tunalomkataza mgonjwa: unakikata kitulizo ghafla. Tafiti za maabara zimeonyesha kwamba katika siku hizo hata muundo wa vipokezi vya GABA hubadilika, seli zikawa ngumu kunyamazishwa. Mwanamke anayesema "nikikaribia siku zangu kichwa kinakuwa chepesi, najua nitaanguka" anaeleza kwa maneno yake mwenyewe kisa kizima cha alopregnanoloni.

Mwaka 1997 Andrew Herzog wa Boston na wenzake waliyaweka haya katika mpangilio ambao tabibu yeyote anaweza kuutumia. Walitambua mielekeo mitatu. Wa kwanza, nao ndio unaoonekana zaidi, ni mashambulizi kuongezeka kuanzia siku tatu kabla ya hedhi hadi siku ya tatu ya damu. Wa pili ni kuongezeka katikati ya mzunguko, estrojeni inapokuwa kileleni na projesteroni haijafika. Wa tatu huwapata wale ambao yai halipevuki vizuri: projesteroni yao haipandi inavyopaswa, hivyo nusu yote ya pili ya mzunguko inakosa kinga. Kwa kipimo cha Herzog, takribani mwanamke mmoja kati ya watatu wenye kifafa ana mwelekeo mmojawapo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na karibu asilimia 80 kati yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Pigeni hesabu wenyewe ni wanawake wangapi wa kwetu walioachwa bila kuulizwa.

Kuhesabu kwenyewe hakuhitaji elimu kubwa. Nunua daftari la kawaida. Kila siku weka alama: umekunywa dawa au umeikosa, umeshikwa au hukushikwa, saa ngapi, na ulilalaje usiku wa kuamkia siku hiyo, na siku ya kwanza ya damu ichore mstari mwekundu. Usiku wa kukesha msibani au harusini uandike pia, maana kukosa usingizi peke yake kunaweza kumwangusha mtu, hedhi ikasingiziwa. Fanya hivyo kwa mizunguko mitatu. Mzunguko mmoja hautoshi, unaweza kukudanganya. Asiyejua kusoma anaweza kuchora duara na msalaba. Moja kati ya mambo mawili litajitokeza. Pengine utaona mashambulizi yamelundikana karibu na mistari myekundu. Au utaona yamelundikana kwenye siku zilizokosa dawa, na hapo tatizo ni jingine kabisa na dawa yake ni rahisi zaidi. Kwa vyovyote vile, utakuwa umefaidika na daftari.

Na siku zikishajulikana, kuna faida ambayo haingojei hospitali. Wanawake wengi wenye kifafa katika nchi zetu huumia motoni na majini kuliko wanavyoumizwa na kifafa chenyewe. Wanaangukia mafiga, wanaangukia kisimani, wanamwangusha mtoto waliyembeba. Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norwei aliyeanzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge mkoani Morogoro mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikuta watu wenye makovu ya kutisha ya moto, na akaeleza jinsi watu wengine walivyoogopa hata kumgusa aliyeangukia jikoni, wakiamini kwamba mate na povu lake huambukiza. Hayaambukizi. Nayasema haya nikijua kwamba wapo hata leo wanaoamini hivyo. Wagonjwa wake wa Mahenge walipopewa fenobabitoni na kufuatiliwa kwa subira, wengi walipata nafuu kubwa, wakarudi mashambani na katika familia zao. Sasa mchukueni mama anayejua kwamba hatari yake iko katika siku sita za kila mwezi. Siku hizo sita anaweza kumwachia mwenzake jiko, asiende kuchota maji peke yake, asilale na mtoto ukingoni mwa kitanda, aoge kwa ndoo mlango ukiwa haukukomewa. Kumtaka aishi kwa tahadhari hiyo mwaka mzima ni kumfunga kamba. Kumwomba kwa siku sita kunawezekana, hasa mumewe na wakwe zake wakijua sababu.

Matibabu je? Hapa niseme kwa uangalifu, kwa sababu matumaini ya uongo ni ukatili. Mtu angedhani jibu ni jepesi: kama projesteroni ikipungua ndiyo inayoleta shida, basi mpe projesteroni. Jaribio kubwa la kulipima wazo hilo lilifanyika Marekani likiongozwa na huyohuyo Herzog, likahusisha wanawake 294, na matokeo yake yalitoka mwaka 2012. Kwa wote kwa pamoja, projesteroni haikuizidi dawa bandia. Lakini wale ambao mashambulizi yao ya siku za hedhi yalikuwa mara tatu au zaidi ya siku nyingine walinufaika waziwazi. Yaani dawa ilimsaidia mwanamke ambaye kalenda yake ilikuwa imeshasema kwa sauti. Asiyehesabu hawezi kujua kama yeye ni mmoja wao. Njia nyingine ni kumpa mgonjwa klobazamu kwa siku kama kumi tu za kila mzunguko, zile za hatari. Jarida la Lancet lilichapisha matokeo mazuri ya njia hiyo mwaka 1982, na madaktari wengi wanaitumia hadi sasa. Wengine hutumia asetazolamidi. Zote hizi huongezwa juu ya dawa ya kila siku, haziichukui nafasi yake. Msiende duka la dawa kujinunulia homoni kwa sababu ya mhadhara huu.

Jambo lingine linatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kwa namna ya pekee, nalo linakwenda kinyumenyume: dawa za kifafa nazo huzigeuza homoni. Fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini, ambazo ndizo dawa zetu za kila siku, huliamsha ini lifanye kazi ya kuvunja homoni upesi kuliko kawaida. Mwanamke akiwa anatumia mojawapo huku anakunywa vidonge vya uzazi wa mpango, vidonge hivyo huvunjwa kabla ya kufanya kazi yake, na anaweza kushika mimba huku akiwa hajakosea hata siku moja. Vijiti vinavyowekwa mkononi navyo hupungua nguvu. Hata vidonge vya dharura, ile P2 ya mitaani, havitegemeki kwake kwa kipimo cha kawaida. Sindano ya miezi mitatu haiathiriki, wala kitanzi cha shaba. Sindano hiyo ina jambo jingine la kupendeza: kwa wengi hukatisha hedhi, na utafiti mdogo uliofanyika Marekani mwaka 1984 kwa wanawake 14 ulionyesha mashambulizi yakipungua kwa takribani asilimia 40. Lakini kliniki ya uzazi wa mpango iko jengo moja, na kifafa kwetu mara nyingi hutibiwa kwenye kitengo cha afya ya akili, jengo jingine, siku nyingine, kwa kadi nyingine. Kadi hizo mbili hazikutani. Mwanamke ndiye anayezibeba zote, na hakuna aliyemwambia kwamba zinagombana.

Lamotrijini inaonyesha mgongano huo kwa upande wa pili. Hapo ni homoni inayoishinda dawa: vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni vinaweza kuishusha lamotrijini damuni hadi karibu nusu, na mwanamke aliyekuwa ametulia miaka akaanza kuanguka tena bila kuelewa kulikoni.

Valproeti inastahili kutajwa peke yake. Ni dawa yenye nguvu, na kwa mwanamume au mtoto wa kiume inaweza kuwa chaguo jema. Lakini mwaka 1993 watafiti wa Finland walionyesha kwamba wanawake wengi waliokuwa wakiitumia walipata uvimbe mdogomdogo kwenye ovari na hedhi zisizo na mpangilio. Na zito kuliko hilo: mjamzito akiitumia, takribani mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa na kilema, na kati ya asilimia 30 na 40 huchelewa katika ukuaji wa akili na lugha. Shirika la Afya Duniani limeshasema wazi kwamba isipewe msichana au mwanamke anayeweza kushika mimba, isipokuwa pale ambapo njia nyingine zimeshindikana. Bado naiona kwenye kadi za wasichana wa sekondari. Kila niionapo moyo unashtuka. Lakini sikilizeni vizuri: mwenye kuitumia sasa asiiache leo usiku. Kuacha ghafla kunaweza kuua. Aende akaulize abadilishiwe taratibu.

Mimba yenyewe haikipandishi kifafa kama watu wanavyodhani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2020 uliwalinganisha wajawazito wenye kifafa na wenzao wasio wajawazito: mashambulizi yaliongezeka kwa asilimia 23 ya wajawazito, na kwa asilimia 25 ya wengine. Hakuna tofauti. Ila wajawazito wale walikuwa wakipimwa na kuongezewa dozi mara kwa mara, kwa sababu homoni za ujauzito huiondoa dawa mwilini kwa kasi kubwa. Anayepunguza dawa kwa kumhurumia mtoto tumboni anawaweka hatarini wote wawili. Na wakunga walioko hapa wananisaidia kila siku kueleza kwamba kifafa cha mimba ni ugonjwa mwingine, unaotokana na shinikizo la damu la ujauzito na kutibiwa kwa magnesiamu salfeti. Mama mwenye kifafa cha siku zote akiletwa leba anatikisika, pimeni shinikizo na mkojo kwanza. Na ambaye hajawahi kuanguka maishani mwake akianguka katika miezi ya mwisho, msimpeleke kwa mtu wa kupunga mashetani. Mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.

Wanaume nao wasidhani hayawahusu. Testosteroni hupita njia mbili: moja huigeuza kuwa estrojeni, ambayo huchangamsha ubongo, nyingine huigeuza kuwa androstanedioli, inayoutuliza kupitia GABA. Kwa kuwa mwanamume hana mzunguko wa kila mwezi, mizani hiyo haionekani kwenye kalenda. Kinachoonekana ni athari za dawa zilezile zinazoliamsha ini: huongeza damuni protini inayoishika testosteroni, ikabaki kidogo tu iliyo huru, na mume akakosa hamu ya tendo la ndoa. Wengi huiacha dawa kimyakimya kwa sababu hiyo, kisha wakaanguka barabarani. Mke anayelijua hili na tabibu anayeuliza bila kuona haya wanaweza kuokoa maisha yake.

Ujana na utu uzima vina zamu zao. Wapo wasichana wanaoanza kuanguka mwaka uleule wanapovunja ungo, na mara nyingi jamaa huanza kutafuta nani amewaroga. Na miaka inayotangulia kukoma kwa hedhi, yai linapokosa kupevuka mara kwa mara na estrojeni kubaki bila mwenzake, mashambulizi yanaweza kuzidi. Hedhi ikishakoma kabisa, wale waliokuwa wakiangushwa na mzunguko wengi hupata ahueni. Homoni za kufidia baada ya hapo zilijaribiwa Marekani kwa wanawake 21 wenye kifafa, na mashambulizi yakaongezeka kadiri dozi ilivyoongezwa, kwa hiyo tahadhari inahitajika.

Nina ombi moja kwa wakuu wa vituo vya afya waliomo ukumbini, na nimelibeba kwa muda mrefu. Kadi ya kifafa ina nafasi ya uzito, ya dozi na ya idadi ya mashambulizi. Ongezeni mistari mitatu kwa wino wa kawaida, hata kabla kadi mpya hazijachapwa: tarehe za mashambulizi, siku ya kwanza ya hedhi iliyopita, na njia ya uzazi wa mpango anayotumia. Muuguzi atatumia dakika moja zaidi kwa kila mgonjwa. Kama foleni ni ndefu, mpeni mgonjwa kalamu ajaze mwenyewe akiwa amekaa kwenye benchi, na msichana aliyekuja na mama yake mpeni nafasi ya kujaza akiwa peke yake.